Je, binti atabaki mfupi pingili (vifupa vya uti wa mgongo) zikiunganishwa?

Pole dada. Umesema binti ana miaka 12, uti wa mgongo umepinda, na unahofia upasuaji wa kuunganisha pingili utamdumaza.

Ni kweli, pingili zilizounganishwa hazirefuki tena. Lakini miguu huendelea kukua, na pingili zilizoachwa huru pia. Madaktari hukadiria kwamba kila pingili iliyounganishwa hupoteza kama sentimita 0.07 kwa kila mwaka wa ukuaji uliobaki. Tuseme pingili 10 na miaka 2: sentimita 1.4 tu. Na mgongo ukinyooshwa, mara nyingi mtoto hutoka chumba cha upasuaji amerefuka kuliko hapo awali.

Muulize daktari binti amebakiza ukuaji kiasi gani. Eksirei ya nyonga au ya mkono huonyesha. Kama ameshavunja ungo, kwa kawaida kasi kubwa ya kurefuka imeshapita.

Wa kuhofiwa hasa ni wadogo chini ya miaka 10. Kifua na mapafu yao bado yanapanuka, ndiyo maana wengi huwekewa vyuma vya kurefushwa kidogo kidogo kwanza. Wako si wa kundi hilo. Tafadhali usimcheleweshe kwa ajili ya kimo, kwani mpindo uliopita nyuzi 50 mara nyingi huzidi kuongezeka hata ukubwani.