Mleta uzi, usitume hiyo hela: yaliyonikuta na jozi 48 za buti

Nimesoma uzi wako mara mbili nikiwa nimeshika kichwa. Umeuliza mambo manne kuhusu kuuza vitu mtandaoni upate kipato cha ziada cha nyumbani: uuzie jukwaa lipi, upige picha vipi, usafiri alipe nani, halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayeulizia chumvi, "kuna mzigo wa jozi 60 za viatu ambavyo havijavaliwa, vimekaa stoo muda, muuzaji ananipa hadi Ijumaa, unafaa kuanzia?" Hilo ndilo swali. Mengine tutayafikia tukijaliwa.

Usitume hata senti.

Mimi zilikuwa 48. Buti za ngozi, mpya, kila moja kwenye boksi lake na karatasi laini ndani, na ule mfuko mdogo wa chembechembe za kunyonya unyevu. Nami muuzaji alinipa hadi Ijumaa. Sijui hawa watu Ijumaa wamefanyiwa nini.

Kinachoniuma ni kwamba nilianza vizuri. Nilikuwa naokota kimoja kimoja: taa ya mezani, kamera ya filamu, mashine ya kusaga kahawa iliyokosa mfuniko. Nasafisha, napiga picha, nauza, nanunua kingine. Hela haikuwa ya kutisha, ila ilikuwa inalipa umeme na madaftari ya watoto bila kumgusa mtu mfukoni. Kisha nikakutana na mwalimu.

Kijana wa video, meno meupe, nyuma yake rafu imejaa maboksi. Nikalipia darasa lake. Ndiyo, nililipia, chekeni kwanza nawasubiri. Darasa zima ukilikamua linatoka na sentensi moja: faida iko kwenye kununua kwa wingi, anayenunua kimoja kimoja anacheza. Akatupa na kisa cha eBay, kwamba mwaka 1995 Pierre Omidyar alipoanzisha mnada wake mtandaoni, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya leza mbovu, kwa dola 14.83. "Mnaona? Kila kitu kina mteja!" Tukapiga makofi, nami nikiwemo. Alichokiruka ni kwamba Omidyar alimwandikia yule mnunuzi kumuuliza kama anaelewa kuwa leza ni mbovu, akajibiwa kuwa yeye anakusanya leza mbovu. Sasa mimi wateja wangu hawakuwa wanakusanya buti zilizooza.

Nikachukua akiba ya miezi minane, nusu yake yangu na nusu ya baba watoto, nikaleta mzigo. Chumba cha kulala kikawa stoo. Kuingia kitandani ilibidi upite kiubavu kama kaa. Wiki mbili za kwanza nikauza jozi 14, nikaanza kuwajibu watu kwenye nyuzi humu kama mtaalamu. Wakongwe mtanikumbuka, naomba msizifukue.

Halafu ikaja video kutoka kwa mteja. Hakuandika neno, alituma video tu. Mguu umevaa buti yangu, unatembea kwenye sakafu nyeupe. Hatua ya tatu, chembe nyeusi. Hatua ya sita, chembe nyingi, kama mtu anamwaga makaa. Hatua ya kumi mguu unaendelea na soli imebaki nyuma, imekaa pale sakafuni peke yake. Mtu wa video anarudi, anaipiga teke kidogo kwa kidole, inapasuka vipande viwili.

Nikajiambia ameichokoza. Nikavuta boksi kutoka uvunguni, nikatoa buti, inang'aa, ngozi safi, nyuzi zimekaza. Nikaibonyeza soli kwa dole gumba pale ubavuni. Dole likazama. Nilipolitoa limebaki na kitu kama unga wa keki ulioungua, unanata. Nikavuta boksi la pili. Nikavuta la tatu. Kwenye la saba nikaacha, nikakaa sakafuni.

Maelezo yake nimeyajua baadaye, bure, bila darasa. Soli nyingi laini na nyepesi, hasa ile tabaka ya kati inayofyonza mshindo, hutengenezwa kwa poliurethani, wenyewe wanaita PU. Mvuke wa maji uliomo hewani unaikatakata kikemia taratibu. Haihitaji kuvaliwa wala kuloweshwa, inaoza ikiwa boksini imetulia na mwenye nayo anaisifia kuwa haijaguswa. Kwa kawaida huhesabiwa kama miaka 5 hadi 10 tangu kutengenezwa, joto na unyevunyevu vikiharakisha. Raba ya chini inabaki nzima, ngozi ya juu nzima, katikati ni vumbi. Kwa hiyo "havijavaliwa, vimekaa stoo muda" unayoiona wewe kama sifa, kwangu ni king'ora. Aina nyingine, kama EVA (povu jepesi la plastiki) au raba tupu, hazifi kwa namna hiyo, lakini kwa macho utazitofautisha? Mimi sikuweza.

Jozi 9 zikarudi. Na hapa ndipo watu hawaelewi hesabu. Kikirudi kiatu hupotezi faida yake peke yake. Unarudisha hela ya mteja yote, usafiri wa kwenda ulishalipa, wa kurudi unalipa wewe, na kiatu chenyewe kinatua kwako kikiwa takataka. Jozi moja iliyorudi ilikula faida ya jozi tatu nilizouza. Nami nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa kwenye tangazo, "KIKIUZWA HAKIRUDISHWI". Haisaidii kitu. Majukwaa mengi yana ulinzi wa mnunuzi. eBay, kwa mfano, inampa siku 30 baada ya kupokea mzigo kudai kwamba alichopata hakifanani na maelezo, hata kama wewe umesema hupokei marejesho. Niliandika "buti mpya", ikafika buti ya unga. Ningekuwa mteja, ningedai pia.

Na yule aliyeniuzia? Simu yake iliita mara moja, akasikia sauti yangu, mtandao ukawa "unakatika". Mwalimu naye nilimwandikia, akanijibu nina "mtazamo wa hasara" na kwamba ana darasa la pili linalotibu hilo, lenye punguzo. Naomba nisiendelee, nina presha.

Sasa sheria yangu, na ndiyo pekee niliyo nayo: usinunue cha pili mpaka hela ya cha kwanza iwe yako kabisa. Narudia, iwe yako. Kuuza si mwisho. Hela ikiwa bado imeshikiliwa na jukwaa si yako. Mteja akiwa bado ndani ya siku zake za kulalamika, si yako. Zikipita, sasa unajua kitu hicho kinauzika na hakirudi, kanunue viwili. Ningenunua jozi moja tu ya zile buti, nikaiuza, nikangoja, leo ningekuwa nimepoteza jozi moja na video moja ya kuchekesha.

Najua atakuja mtu hapa chini aseme "mkuu, kwa mwendo huo atatajirika lini?" Hatajirika. Ameandika kipato cha ziada cha nyumbani, hakuandika ghala. Mwingine atasema mbona simu zinauzwa kwa mafungu na zinalipa. Haya, nunua fungu la simu bila kubonyeza *#06# na kukagua IMEI, ile namba ya utambulisho, ya kila moja, ugundue nusu zimefungiwa na wenyewe waliozipoteza. Karibu kwenye klabu, buti ziko uvunguni, kaa popote.

Ulitaja pia kwamba umeona viatu kama hivyo "vinauzwa" bei mara nne ya anayokupa. Umeviona vikitangazwa. Bei ya tangazo ni dua ya muuzaji. Tafuta vilivyokwisha kuuzwa, majukwaa makubwa yana kichujio cha kuonyesha hivyo tu, uone ni vingapi na vya lini.

Kwa hiyo leo mpigie huyo mtu, mwambie unataka jozi moja, ulipie bei ya moja hata kama ni ghali. Akikataa, akikwambia ni zote au hakuna, nadhani umeshajibiwa. Akikubali, angalia lebo ndani ya ulimi wa kiatu kama ina tarehe ya kutengenezwa, ikunje soli hadi nusu, ibonyeze ubavuni kwa dole, halafu ivae mwenyewe uzunguke nyumba siku mbili. Ikitoka salama, itangaze hiyo moja.

Picha: mchana, karibu na dirisha, na onyesha kasoro. Jukwaa na usafiri nitarudi kuandika, sasa hivi naitwa.

Nimebakiwa na jozi 19. Baba watoto kapanda nyanya kwenye mbili, zinastawi ajabu. Anayezitaka nyingine nampa bure, aje na gunia na fagio lake.