Kabla hujaandika "teguka" kwenye tafsiri ya tiba

Anayeanza kutafsiri maandishi ya afya hukutana na teguka mapema, na wengi huliandika bila kulichunguza. Livunje kwanza: teg-u-k-a. Mzizi ni ule wa kutega mtego, mzizi wa kale wa Kibantu uliomo hata katika Kiganda na Kinyarwanda kwa maana hiyo hiyo. Kiambishi -u- hutendua: funga, fungua, panga, pangua, tega, tegua. Ndiyo maana bomu huteguliwa, na kitendawili kikitegwa hungoja wa kukitegua. Kisha -k- huonyesha hali iliyokifika kitu bila kumtaja mtenda. Kiungo kilichoteguka ni kama mtego uliofyatuka: fito na kamba zipo, ila hazishikilii tena.

Tahadhari, si kila -ua ni ya kutendua. Ungua si kinyume cha unga, ingawa kiungo kimetokana na unga hilo hilo. Pasua nayo haihusiani na pasa.

Ugumu hasa uko kwenye maana. Neno linasema kiungo kimeachia, halisemi kimeachia kiasi gani. Watu hulitumia kwa majeraha mawili. La kwanza, kano zinazofunga mfupa kwa mfupa zimevutika au kuchanika, lakini mifupa iko mahali pake. La pili, mifupa yenyewe imeachana. Matunzo hayafanani. La kwanza kwa kawaida hupumzishwa, hupozwa kwa barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 15 hadi 20, hufungwa bendeji na kiungo kikainuliwa. La pili huachwa lilivyo bila kuvutwa mpaka mtaalamu alirudishe, maana kulivuta ovyo kunaweza kuumiza neva na mishipa ya damu. Ukiandika teguka kote kote, msomaji anaweza kulitendea bega lililotoka kama kifundo kilichovutika tu.

Kwa hiyo taja kilichoumia. "Kano za kifundo cha mguu zimevutika" haina utata. "Bega limetoka mahali pake" vilevile. Wapo wanaotenga teguka kwa jeraha la kwanza na tenguka kwa la pili. Mpango huo una mantiki, lakini herufi moja tu ndiyo inayotofautisha maneno hayo, na jicho la mhariri huiruka kwa urahisi. Ukiufuata, fafanua kila neno linapotokea mara ya kwanza. Kano nalo lina mtego wake, kwa kuwa huitwa hivyo pia ule ukamba unaounganisha msuli na mfupa. Eleza unaunganisha nini na nini.

Kwenye sarufi, "ameteguka kifundo" na "kifundo chake kimeteguka" zote ni sahihi. "Ameteguliwa kifundo" iache kwa pale ambapo kuna aliyemtegua, kama mchezaji aliyekanyagwa na mpinzani.