Jibu: Nasalimia kwenye kundi la Wanasimba, hakuna anayeitikia

Mdogo wangu, nimekuelewa. Wiki 3 kwenye kundi la WhatsApp, umeandika "Habari zenu wakuu" mara nne na wote kimya. Inauma, ila usijitoe.

Salamu tupu kwenye kundi kubwa humezwa kabla haijasomwa. Wape watu kitu cha kushika: uko wapi, Simba uliipendea wapi, kisha uliza swali moja. Mimi niliandika hivi: "Niko Kahama, Simba ya Msimbazi nimerithishwa na baba. Nani anakumbuka tulivyoitoa Zamalek ya Misri kwa penalti kule Cairo, 2003?" Mzee mmoja akatuma sauti ndefu, akieleza walivyojazana kwenye kibanda cha kinyozi kusikiliza redio, hata aliyekuwa ananyolewa akainuka na povu kidevuni. Tangu siku hiyo ananiita "kijana wa Kahama".

Ukijibiwa, nawe jibu wengine. Ila siku tukifungwa na Yanga usijitambulishe kabisa. Subiri hasira zipoe, hata siku mbili.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Wageni ndio wanaowindwa na matapeli. Mtu akikufuata pembeni na tiketi au jezi ya bei poa, usitume hela, na namba ya siri usimpe yeyote. Ujumbe wa kitapeli mwonyeshe admini, kisha uutume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Ukitukanwa, admini anatosha. Ukitishiwa maisha, hifadhi picha za ujumbe uende polisi.

Leo jioni andika upya, utaje na mtaa wako.