Kuprinti jezi za Simba na Yanga: kuichezea nembo hakukuokoi

Mkuu, umeuliza kama ukinunua hiti presi (mashine ya kubandika chapa kwenye nguo kwa joto) ukaanza kuprinti jezi za Simba na Yanga, ukaibadilisha nembo kidogo na kumwambia mteja wazi kwamba si orijino, utakuwa salama. Hapana, hautakuwa salama. Nakujibu kama mtu aliyeungua.

Mwaka 2022 nilikuwa na fremu Kariakoo, hiti presi moja na cherehani mbili. Tawi la mashabiki likaniletea oda ya jezi 80: nembo ya klabu kifuani, jina la tawi mgongoni. Nikajiona mjanja. Nikabadilisha umbo la ngao, mnyama nikamgeuzia upande wa pili, nikaongeza nyota. Jezi 63 zilikuwa zimeshakunjwa maofisa wa ukaguzi walipoingia, wakiwa na mwakilishi wa mwenye haki ya kuuza jezi zile. Yule dada wala hakuanza na nembo. Aliigeuza jezi ndani nje, akatazama lebo ya shingoni, akapapasa mshono wa kwapani, akatafuta kile kitambaa cha maelekezo ya kufua. Halafu akainyanyua juu, akamuuliza kijana wangu aliyekuwa mlangoni, "Hii ni jezi ya timu gani?" Kijana akaitaja timu bila hata kufikiri. Hapo nikaishiwa maneno. Mzigo wote ukaondoka.

Swali lile la yule dada ndilo sheria yenyewe. Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986 inampa aliyesajili alama yake BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, haki ya kuitumia peke yake kwenye bidhaa alizoombea, na nguo zimo daraja la 25 kwenye orodha ya makundi ya bidhaa. Ukiifananisha kiasi cha kumchanganya mnunuzi, umeivunja hata kama hukuinakili mstari kwa mstari. Mnyama simba hana mwenyewe, na rangi nyekundu ni ya kila mtu, kama ilivyo kijani na njano. Lakini ukivikusanya kifuani kwa mpangilio unaomfanya mtu aone Msimbazi (Simba) au Jangwani (Yanga), umeshaingia shamba la watu. Na si madai ya fidia tu: kuna Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, ambayo FCC, Tume ya Ushindani, wanaitumia kukamata bidhaa bandia na kuziteketeza.

Halafu jezi moja ina wenyewe zaidi ya mmoja. Klabu ina nembo yake, mtengenezaji ana alama yake, mdhamini ana jina lake pale tumboni. Wewe unaprinti fulana moja, unagusa watu watatu.

Hili la kumwambia mteja kwamba si orijino lilishajaribiwa Uingereza. Matthew Reed aliuza skafu na kofia za Arsenal nje ya uwanja wa Highbury tangu 1970, na kibandani aliweka tangazo kwamba bidhaa zake si rasmi. Arsenal wakamshtaki. Mahakama ya Ulaya ikaamua mwaka 2002 kwamba tangazo lile halitoshi, kwa sababu skafu ikishatoka kibandani, anayeiona baadaye hajui habari za tangazo. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikawapa Arsenal ushindi. Hukumu ile haiifungi mahakama yetu, lakini fikiria jezi yako ikiwa kwenye daladala: nani atakuwa pembeni kueleza?

Usitegemee barua ya tawi pia. Mimi mwenyekiti aliniandikia, na mhuri juu. Haikunifaa kitu, maana tawi haliwezi kutoa ruhusa ya kitu kisicho chake. Ruhusa inatoka klabuni au kwa aliyepewa haki na klabu, kwa maandishi.

Kuhusu kurekebisha jezi orijino: mteja akileta jezi yake orijino nimwandikie jina lake na namba kwa matumizi yake, naifanya hadi leo. Ninachokataa ni kubandua mdhamini nikaweka mwingine, kubadilisha lebo, au kununua orijino 50, kuzibadilisha na kuziuza upya. Nguo hiyo si tena ile iliyotoka kwa mwenyewe, na jina lake bado liko kifuani.

Pesa iko kwenye bonanza, timu za maveterani, ofisi na timu za mtaa. Wachoree nembo yao. Yako mwenyewe isajili BRELA: unapewa miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka kumi kumi. Ukiuza hadi Zanzibar, kule daftari ni jingine, la BPRA, wakala wa usajili wa huko.

Wale wa tawi niliwarudishia hela yao kidogo kidogo kwa miezi minne. Mwaka uliofuata mwenyekiti akarudi na oda nyingine: fulana 80 nyeupe, jina la mtaa wao tu kwa herufi kubwa mgongoni. Nilizimaliza kwa siku mbili, mlango wa fremu ukiwa wazi.