Mzee wangu alilishwa kwa mpira baada ya upasuaji wa kongosho, usiogope kama mimi

Siku ya pili baada ya upasuaji nilimkuta mzee ana mpira mwembamba puani umebandikwa plasta, na pembeni kuna kamashine kanasukuma maji meupe kama maziwa. Moyo ukanilipuka paa! Kwa akili yangu mpira wa chakula ni wa mtu aliyekata kauli, nikamfuata nesi kwa hasira, mbona mnamlisha na kidonda bado kibichi?

Akanikalisha chini akanielewesha. Huu upasuaji wanauita Whipple, wanatoa kichwa cha kongosho pamoja na mfuko wa nyongo na mwanzo wa utumbo mwembamba, halafu wanaunga upya. Sasa baada ya hapo tumbo la juu linaweza kugoma siku kadhaa, chakula hakishuki, mtu anatapika tu, wakati utumbo wa chini ushaamka zamani. Ndo maana ncha ya mpira inavushwa mpaka chini ya pale palipoungwa. Na utumbo ukikaa bila kazi ukuta wake unadhoofika, na kulisha kupitia utumbo kunaleta maambukizi machache kuliko kulisha kwa mshipa wa damu. Si kila mgonjwa anawekewa lakini, wengi wanaanza kidogo kidogo kwa mdomo, kwa hiyo muulize dokta wa kwenu ameamua nini na kwa nini.

Kitu kilichonisumbua zaidi ni spidi. Mzee alianzishwa mililita 20 kwa saa, yaani kijiko kikubwa kimoja na kidogo juu yake, nikaona kama wanamnyima. Kumbe wana akili, maana walipopandisha tu tumbo likajaa likawa gumu akaanza na kuharisha, mimi nikasema toeni huo mpira, wao wakarudisha spidi chini na kesho yake akawa ametulia. Jamani usiguse hiyo mashine mwenyewe hata kama unamwonea huruma vipi.

Mpira wetu uliziba usiku mmoja, dawa ilisagwa ikapitishwa bila maji ya kusafisha. Tangu siku hiyo nilikuwa nauliza kila dawa, hii inasagwa? maji yamepita kabla na baada? Kitanda kiinuliwe upande wa kichwa, asilale flati wakati chakula kinaingia. Halafu kuna alama ya peni kwenye mpira pale unapotokea puani, iangalie kila asubuhi, ikiwa imesogea usiurudishe kwa mkono, ita nesi asimamishe chakula mpaka wahakikishe upo mahali pake, sisi walimpiga eksirei.

Na mdomo, hili hakuna aliyeniambia. Mtu asiyekula kwa mdomo midomo inapasuka na ulimi unakauka kama karatasi, mzee alikuwa hawezi hata kuongea vizuri. Mswaki laini, pamba yenye maji, mafuta kidogo kwenye midomo, asubuhi na jioni. Siku ya kwanza nilivyomfanyia hivyo ndo akaniita jina langu.