Siku sita za kamera Arizona na New Mexico: futa kwanza nusu ya orodha yako

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Uko Houston, umepata likizo ya siku sita mwezi wa saba, una kamera mpya na lenzi mbili, na unataka White Sands, Grand Canyon, Antelope, Monument Valley, Zion na Arches. Wachangiaji wawili hapo juu wamekujibu "inawezekana". Inawezekana, ndiyo, kama picha unazotaka ni za kioo cha mbele cha gari. Mimi nipo Phoenix mwaka wa sita sasa, na safari yangu ya kwanza niliipanga hivyo hivyo. Nilirudi na picha kama mia tisa. Za kutundika ukutani zilikuwa mbili.

Kamera haikuwa na kosa. Kule mwanga wa maana unaupata mara mbili kwa siku, jua likichomoza na likizama, tena kwa muda mfupi. Jua la utosi linaua kila kitu: mwamba mwekundu unapauka kama tofali la zamani, na kivuli kinakuwa cheusi tii. Kwa hiyo siku zako sita ni nafasi kumi na mbili tu, na kila magharibi inayokukuta barabarani imeshapotea. Piga hesabu hiyo kabla ya kuhesabu kilomita. Mimi ningefuta Zion na Arches bila huruma. Ile njia ya Zion ambayo kila mtu anaililia, Angels Landing, tangu Aprili 2022 huipandi bila kibali cha bahati nasibu. Na Arches iko mashariki ya Utah; iwekee safari yake.

Kuhusu mwezi wa saba sikufichi: mawingu ya kipindi hicho ni mazuri kuliko ya mwaka mzima. Ni msimu wa mvua za radi, anga linajaa kila alasiri, na ukibahatika unapata radi juu ya korongo. Lakini ndiyo mvua hizo hizo zinazoua. Mimi mtoto wa Dodoma, nimekua nikiambiwa usikae kwenye korongo hata kama mchanga umekauka, kwa sababu mvua ikinyesha mlimani huko, wewe huku utaona maji tu yanakuja. Antelope ni korongo la namna hiyo, ila kuta zake zimebanana mpaka pengine unazigusa zote mbili kwa mikono. Tarehe 12 Agosti 1997 maji ya mvua iliyonyesha mbali yaliingia upande wa chini wa korongo hilo na kuua watalii 11. Siku hizi huingii bila kiongozi wa Kinavajo, wenyeji asilia wa eneo hilo, kwa kuwa ardhi ni yao, na wakiona dalili ya mvua wanafunga. Wakifunga siku yako usigombane nao.

Humo ndani tripodi hairuhusiwi, kwa hiyo pandisha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) bila woga na uegemee ukuta. Usibadilishe lenzi. Mimi nilibadilisha, na mchanga laini unaodondoka kutoka juu ukaingia kwenye sensa, kile kibapa cha ndani kinachonasa picha. Picha zote za siku mbili zilizofuata zina madoadoa angani.

Grand Canyon ndipo nitakapokuchosha kidogo, maana hapo nusura nife. Sisi tuliozoea habari za Kilimanjaro tunadhani kazi ni kupanda, ukishuka umemaliza. Hapa ni kinyume: unaanzia juu, zaidi ya mita 2,000, asubuhi kuna kibaridi, miguu ina nguvu, njia inateremka yenyewe. Unajiona mwanaume. Kadiri unavyoshuka ndivyo joto linavyopanda, na chini kabisa wakati wa kiangazi linapita nyuzi 40. Askari wa hifadhi wana msemo wao: kushuka ni hiari, kupanda ni lazima.

Nilishuka njia ya Bright Angel mwezi wa sita, na chupa mbili za maji na kamera yenye uzito wa mtoto mchanga, mpaka Havasupai Gardens. Ni kilomita 7 na ushee kutoka juu, na umeteremka zaidi ya mita 900. Maji ya bomba yapo, nikanywa mpaka tumbo likawa ngoma. Chumvi sikuwa nayo, chakula sikuwa nacho. Saa sita mchana nikaanza kupanda, na hilo ndilo kosa lenyewe, kwa sababu wanakuonya wazi usitembee kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Njiani misuli ya mapaja ikakaza, kichwa kikawa chepesi, kichefuchefu. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa amekaa kivulini akanitazama, akanipa karanga za chumvi bila hata kuniuliza jina, akaniambia nikae mpaka jua lipungue. Maji matupu bila chumvi nayo ni sumu, nilikuwa sijui. Nilifika juu usiku.

Na unajua picha nilizopiga chini kule? Hakuna hata moja ya maana. Korongo lile linapigwa kutoka ukingoni. Nenda Hopi Point jua likizama, na utumie lenzi ndefu badala ya ile pana; chomoa matabaka mawili matatu ya mwamba yanayopishana kwa ukungu. Ukitaka kutembea, shuka kilomita mbili na nusu hadi kibanda cha kwanza chenye kivuli, alfajiri, halafu geuka.

Monument Valley, iliyo kwenye ardhi ya Wanavajo, angalia saa yako. Arizona hawasogezi saa mbele kwa saa moja wakati wa kiangazi kama majimbo mengine mengi, lakini ardhi ya Wanavajo wanasogeza. (Wahopi, wenyeji asilia wengine ambao wamezungukwa na Wanavajo pande zote, hawasogezi. Usiniulize.) Mji wa Page na ziara za Antelope zinafuata saa ya Arizona. Mimi nilitoka Page nikiwa na saa ya mkononi, nikafika Monument Valley saa kumi na moja jioni kamili kama tulivyopatana na watu wa ziara, kumbe kwao ni saa kumi na mbili na gari limeshaondoka. Jua lilizama nikiwa kwenye maegesho. Kule pia usirushe droni, na usimpige mtu picha kabla ya kumwomba, kama ambavyo ungefanya boma la Wamaasai.

White Sands, ile ya vilima vyeupe kule New Mexico, mimi naipenda kuliko zote. Ule si mchanga wa kawaida, ni jasi, hii hii ya dari, na hauunguzi miguu hata mchana. Kamera itakudanganya: ikiona weupe mwingi inatia giza, unapata vilima vya rangi ya majivu. Ongeza mwanga hatua moja au moja na nusu kwenye kile kitufe cha kujumlisha na kutoa. Njia ya Alkali Flat ni kilomita 8 hivi za mzunguko, haina kivuli wala tone la maji, na watu wamefia pale. Ingia jioni, usipoteze nguzo za alama machoni. Tena ulizia mapema, kwa sababu jeshi likijaribu makombora jirani wanafunga barabara kwa saa kadhaa.

Kama likizo inasogezeka, njoo mwisho wa mwezi wa kumi. Ile miale maarufu ya jua inayopenya ndani ya Antelope utaikosa, inataka jua la kiangazi lililo juu kabisa, lakini utatembea mchana bila kuungua. Ukishajua tarehe niandikie hapa kabla hujalipia chochote, tuangalie mwezi utakuwa wapi. Mwezi mpevu ukikukuta White Sands, tochi hutaihitaji.