Gamba la Tambi limetoka zima

Jumamosi alfajiri niliingia chumbani kwa mwanangu kumwamsha, nikakuta kwenye tangi la kioo kitu kama soksi ya nailoni iliyovuliwa kwa haraka. Gamba la Tambi! Zima, kuanzia mdomoni hadi mkiani. Nilipiga kelele mpaka mume wangu akadhani nyumba inaungua.

Tambi ni nyoka wa mahindi, aina isiyo na sumu ambayo Wamarekani hufuga majumbani kama sisi kwetu tunavyofuga kasuku. Kiasili ni wa majimbo ya kusini-mashariki, kwenye joto na unyevunyevu. Sisi tunaishi Minnesota, ambako mwezi wa Januari hita inanguruma usiku kucha na hewa ya ndani inakauka hadi midomo inapasuka. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwamba hiyo hewa ndiyo adui.

Tulimnunua akiwa mwembamba kama jina lake. Mama yangu huko Tanga alipopata habari alikata simu, na siku ya tatu akapiga: "Mwanangu, huyo mdudu bado yumo humo ndani?" Bado yumo, Mama. Muuzaji wa dukani alituhakikishia kwamba bakuli la maji linatosha. Halikutosha, na leo bado nina kinyongo naye.

Mara ya kwanza kumwona akijiandaa kujivua, nilidhani anapofuka. Macho yaligeuka rangi ya maziwa yaliyochanganywa na buluu, tumbo likawa la waridi, chakula akasusa. Nikawa namtoa mara mbili kwa siku kumkagua, namsogezea kichanga cha panya puani, naye anajikunja kunikwepa. Sikujua kwamba nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na kigamba kinachopitisha mwanga kama kioo cha saa, na kabla ya kujivua majimaji hujikusanya kati ya ngozi mpya na ya zamani, ndiyo yanayotia ukungu. Siku hizo haoni vizuri na ana hofu. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa namtesa.

Gamba likatoka vipande vipande, kama maganda ya kitunguu. Nikachukua kibano changu cha nyusi. Naandika haya nikiona haya: mwanangu alimshika, mimi nikambandua. "Mama, anaumia." Nikamwambia anyamaze. Mgongo ukabaki na alama nyekundu, na katika kuhangaika na mgongo nikasahau mkia. Pale ncha ilibaki pete ya gamba kavu, nyembamba kama uzi. Nyoka anakua, pete haikui, damu ikashindwa kupita. Baada ya wiki kadhaa ncha ilikuwa nyeusi kama njiti ya kiberiti iliyoungua. Daktari wa wanyama aliikata, karibu sentimita moja. Bili ilizidi bei ya nyoka pamoja na tangi lake.

Siku ile nilinunua kipima unyevu. Kilisoma asilimia 18. Nyoka wa mahindi anataka 40 hadi 60, na zaidi kidogo wakati wa kujivua.

Sasa hivi nikiona tu macho yanafifia, natoa kopo la aiskrimu, nalitoboa tundu linalomtosha kuingia, ndani naweka karatasi za jikoni nilizolowesha na kukamua, nalisogeza upande wenye joto. Karatasi nabadilisha kila siku zisije zikaota ukungu. Jiwe lenye kukwaruza nalo liwepo, maana huanza kwa kusugua pua mpaka gamba lifunguke mdomoni. Chakula kisubiri. Mikono yako ikae mfukoni. Watanzania tumelizoea hili neno la kujivua gamba tangu CCM walipolitangaza mwaka 2011. Nyoka yeye hatangazi, hujificha, na wewe mwache ajifiche.

Na kama limetoka vipande? Maji ya uvuguvugu kwenye chombo chenye mfuniko uliotobolewa, kina kisifike juu ya mgongo wake, dakika 20 hadi 30, nawe usiondoke. Kisha mwache apenye mwenyewe ndani ya taulo lililolowa mkononi mwako. Taulo ndilo linalobandua. Kigamba cha jicho kikibaki, usithubutu kukigusa kwa kucha wala kibano, mpeleke kwa daktari.

Sisi akina mama tuna mikono isiyotulia, tuseme ukweli. Mtoto hajafunga vifungo vya shati, tumeshamfungia. Wali haujaiva, tumefunua sufuria mara nne. Halafu jambo likiharibika tunamtafuta muuzaji wa kulaumu, na mimi ni wa kwanza. Wenzangu, acheni. Weka unyevu mapema, halafu ondoka hapo.

Haya yote nimeyaandika kwa sababu ya dada mmoja wa Calgary, Kanada, aliyeniuliza kama nyoka wa mwanawe, ambaye macho yamekuwa meupe, apelekwe hospitali. Dada, hapana. Andaa kopo leo hii. Baada ya siku chache macho yatang'aa tena na utadhani mambo yameisha. Hayajaisha, gamba hutoka siku mbili, tatu, hata nne baada ya hapo, kwa hiyo kopo usiliondoe. Likitoka, lilowanishe ulikunjue taratibu, uhesabu vifuniko viwili vya macho, ndipo umgeukie nyoka umtazame mkiani.

La Tambi nimelitandaza juu ya meza ya kulia, mume wangu anakula jikoni. Nimelipima: sentimita 74, refu kuliko Tambi mwenyewe, maana gamba hutanuka likivuliwa. Vifuniko vya macho vyote viwili vipo. Upande wa mkia limeishia kwenye kigutu.